Pikipiki Iliyoamini Imeanguka

Pikipiki yangu niliinunua kwa mradi uliokuwa unafunga ofisi. Walikuwa wanauza viti, meza na pikipiki. Mimi ni afisa ugani, kazi yangu ni kuwazungukia wakulima wa Kanazi, wilayani Ngara, na viti na meza nilikuwa navyo. Nikachukua pikipiki. Ilikuwa imeshazeeka, lakini ilikuwa ya injekta, na dereva wa mradi alinikabidhi ufunguo kwa uso wa mtu anayemwoza binti yake.

"Hii haina kabureta," aliniambia. "Kompyuta ndiyo inapima mafuta. Wewe kazi yako ni kukaa tu."

Miaka ya mwanzo nilikaa tu. Nilibadilisha oili, nikafuta vumbi jekundu kwenye kichujio cha hewa, nikakaza cheni. Kisha, mke wangu akiwa na ujauzito wa mtoto wetu wa kwanza, pikipiki ikaanza kuzimika njiani.

Mara ya kwanza ilinizimikia mahali pabaya. Nilikuwa nimetoka kumwambia mzee mmoja ang'oe migomba yake, kwa sababu imeshikwa na unyanjano, ule mnyauko unaoozesha ndizi kutoka ndani. Kumwambia mtu wa Ngara ang'oe migomba si jambo la kusema ukiwa umekaa. Nilisema nimesimama, nikaaga, nikawasha, nikaondoka. Pale njia inapokata kona kutoka uani kwake, injini ikanyamaza. Haikukohoa wala kudhoofika. Ilinyamaza kama mtu aliyekumbuka jambo. Mzee akaja taratibu, akasimama pembeni yangu, mikono nyuma.

"Na hiyo nayo ina unyanjano?"

"Hapana, mzee."

"Basi usiing'oe," akasema, akarudi kwake.

Nilizima swichi, nikaiwasha tena, nikabonyeza stata. Ikawaka kana kwamba hakuna kilichotokea. Huo ndio ukawa mtindo wake. Inazimika kwenye kona au kwenye makorongo, unazima swichi, unawasha, inaondoka. Kwa hiyo kila mtu aliyeigusa aliamini ameitengeneza.

Fundi wa hapo senta alikuwa wa kwanza. Aliinama upande mmoja, akainama upande wa pili.

"Kabureta iko wapi?"

"Haina."

"Waliiba?"

"Haijawahi kuwa nayo."

Aliniangalia kwa huruma, kama anayemwangalia mtu aliyenunua ng'ombe asiye na kichwa. Akabadilisha plagi, kwa kuwa plagi angalau ilikuwepo. Pikipiki ikawaka, akanawa mikono. Nikarudi kwake jioni, imeshanizimikia tena njiani.

Nikaipeleka Kabanga, mpakani, ambako kuna fundi aliyezoea pikipiki za kila aina zinazopita kwenda na kutoka Burundi. Huyu alizijua za injekta. Alinifundisha kwamba ukiwasha swichi, kabla ya kubonyeza stata, usikilize kwenye tangi: pampu ya mafuta italia kidogo, zzzi, kisha itatulia. Isipolia, usijisumbue. Akanionyesha pia taa ndogo ya injini pale mbele. Sensa ikiharibika, taa itakonyeza, na idadi ya kukonyeza inakuambia ni sensa ipi. Tukawasha, tukaitazama ile taa wote wawili. Haikukonyeza. Kwa maelezo ya pikipiki yenyewe, haikuwa na ubovu wowote.

Alitoa pampu, akasafisha kichujio chake, kilichokuwa na uchafu wa petroli tunayonunua kwenye chupa za maji. Akasugua vichwa vya betri. Akapuliza nyaya zote kwenye viungio vyake. Nilirudi Kanazi nikiimba. Kwenye kona iliyo chini ya kanisa, ikanyamaza. Nikampigia.

"Umezima swichi ukawasha tena?"

"Ndiyo."

"Ikawaka?"

"Imewaka."

"Basi iko sawa," akasema.

Mke wangu hakuwa na maoni mengi. Alisema tu kwamba yeye na tumbo lake hawatapanda kitu kinachofikirifikiri barabarani. Hakupanda, na mimi nikawa nazunguka peke yangu, begi la kazi mgongoni.

Mtoto alizaliwa salama, wa kike. Likaja suala la bibi yake. Mama mkwe wangu anaishi Nyamahanga, wilaya ya Biharamulo, na ilikuwa lazima aje kumshika mjukuu na kumwangalia binti yake. Kupanda basi hawezi. Akiingia kwenye gari lenye milango anatapika kabla halijaondoka. Bodaboda hakutaka, kwa kuwa aliwahi kuangushwa na mmoja, naye anamlaani hadi leo. Baba mkwe akanipigia simu, akazungumza hali ya hewa kwa muda mrefu, kisha akasema, "Tumesikia una pikipiki."

Hapa inabidi nieleze. Kwetu mtu na mama mkwe wake hawashikani mikono. Hawali sahani moja, na akipita njia moja na wewe, unasogea. Nilikuwa nimeoa miaka kadhaa na mazungumzo yetu yote yalikuwa "Shikamoo, mama" na "Marahaba, mkwe wangu." Sasa natakiwa nimpakie nyuma yangu kutoka Nyamahanga hadi Kanazi, kwenye pikipiki inayonyamaza kwenye kona. Nilimuuliza mke wangu kama kuna namna nyingine. Akaniuliza kama nina mama mwingine wa kumleta.

Nilikwenda siku moja kabla. Njiani ilinizimikia mara nyingi hadi nikaacha kushtuka. Kule juu Nyakahura ilizima mbele ya lori la mizigo, na dereva wa lori akanieleza mambo kuhusu ukoo wetu. Nilifika Nyamahanga nimechoka, nikala, nikalala bila kumwambia mtu yeyote ukweli.

Asubuhi mama mkwe alitoka amevaa vitenge viwili, koti la mumewe na viatu vya kwenda kanisani. Alikuwa na mfuko wa maharage na kikapu. Hakuniangalia. Aliuweka ule mfuko katikati ya siti, nyuma yangu, kama mpaka wa nchi, kisha naye akapanda nyuma ya mpaka. Kikapu akakipakata. Baba mkwe akaizunguka pikipiki, akapiga teke tairi la nyuma.

"Inaumwa?"

"Hapana, baba."

"Safari njema."

Niliwasha. Pampu ikalia, injini ikashika. Kona ya kwanza nikaipita nimekaza meno. Ya pili nikaipita. Kwenye makorongo, pale ambapo jana yake nilisimama nikaitukana, nikapita. Nilikuwa nimeandaa maneno ya kusema itakapozima, maneno ya heshima, yenye "samahani" mbili. Hayakuhitajika. Tulifika lami na sijayatumia.

Huko kwenye lami ndiko alikoanza kuzungumza. Nadhani aliona kwamba kuongea na mgongo wa mkwe si sawa na kuongea na mkwe. Yeye anatumia Kisubi, mimi Kihangaza. Tunaelewana kwa sehemu, sehemu inayobaki tunaijaza Kiswahili.

"Mkwe wangu."

"Naam, mama."

"Mimi nilikataa."

"Ulikataa nini, mama?"

"Usimuoe."

Nikapishana na lori. Nikasema, "Nilisikia."

"Si kwa ubaya. Nilisema Ngara ni milima tupu, mwanangu atachoka magoti. Halafu nyinyi Wahangaza mnaongea kidogo. Nikasema, ataishi na mtu asiyeongea, juu ya mlima."

Nikatazama barabara, na nikagundua kwamba kunyamaza kwenyewe kunamthibitishia. Nikasema, "Magoti yake ni mazima, mama."

"Nitayaona mwenyewe."

Alizungumza karibu njia yote. Aliniambia jinsi mke wangu alipokuwa mchanga alivyokataa kunyonya upande mmoja, na jinsi yeye mwenyewe alivyojifungua kwenye shamba la mtama, mvua ikinyesha, shemeji yake akimshikia mwavuli huku amegeukia upande wa pili. Mimi nilijibu "naam" na "kweli" huku nikisikiliza injini. Haikukosea hata mara moja. Tulipanda milima ya Ngara ikiunguruma kama mpya. Tulipofika nyumbani mke wangu alisimama mlangoni na mtoto, akamtazama mama yake, kisha akaniuliza kwa sauti ya chini, "Ilizima mara ngapi?"

"Haikuzima."

Hakuniamini. Akamuuliza mama yake. Mama yake akasema ni pikipiki nzuri, na mbona binti anamsingizia mume.

Kesho yake nikatoka peke yangu kwenda kazini, nikiwa na amani moyoni. Kwenye kona chini ya kanisa, ikanyamaza.

Niliporudi nikalisema jambo hilo mezani, bila kulipa uzito. Mama mkwe alikuwa chumba cha ndani na mtoto, maana mezani hatukai pamoja, lakini mlango ulikuwa wazi. Akacheka. Ndiyo mara ya kwanza nilisikia anavyocheka. Anacheka kwa pua.

"Inaniheshimu," akasema kutoka kule ndani. "Mwambie mume wako inaniheshimu."

Mke wangu akaniambia, "Inamheshimu."

Majirani wakalipata. Kwa muda watu walinisimamisha njiani kuniuliza kama nimemwacha mama mkwe nyumbani, na kama ndiyo, nitafikaje. Mzee wa migomba aliuliza kama anakodishwa.

Nilifikiri sana, kwa sababu mimi kazi yangu ni kuwaambia wakulima kwamba mimea haina heshima wala uchawi, ina magonjwa. Nikajiuliza: siku ile ilikuwa na nini ambacho siku nyingine haina? Ilikuwa na uzito nyuma. Nikachukua mfuko uleule wa maharage, nikaongeza na wa mahindi, nikaifunga yote juu ya siti, upande wa nyuma, nikaenda hadi kona ya kanisa. Ikapita. Nikazunguka, nikapita tena kwa kasi ya kipumbavu. Ikapita. Nikashusha mizigo pembeni ya barabara, nikarudia kona. Ikanyamaza. Watu waliotoka misa ya asubuhi walisimama kuangalia mtu anayepakia na kushusha maharage mbele ya kanisa bila kwenda popote.

Nikafungua siti palepale. Chini yake, upande wa nyuma, kulikuwa na kidude cheusi kinachotosha kiganjani, kinaning'inia kwa waya wake. Kishikizo chake kilikuwa kimeliwa na kutu, na raba zake zimekauka zikapasuka. Juu yake, bodi ya siti ilikuwa imechoka na kubonyea. Akikaa mtu nyuma, siti inashuka na kukibana kidude kikae wima. Nikiwa peke yangu, kinacheza kama kengele ya mbuzi. Nikampigia fundi wa Kabanga, nikamweleza nilichokiona.

"Aa, hiyo," akasema. "Hiyo ni ya kuzima injini ukianguka. Ikilala, yenyewe inajua umelala, inakata pampu na moto wa plagi, usije ukaungua. Mpaka uzime swichi uwashe tena."

"Kwa hiyo muda wote huu pikipiki ilikuwa inadhani imeanguka?"

"Ndiyo."

"Na taa?"

"Taa ya nini? Sensa ni nzima. Inafanya kazi yake."

Nilihakikisha. Injini ikiwa inaunguruma na pikipiki imesimama wima kwenye stendi, nilikishika kidude kwa vidole nikakilaza ubavu. Ikanyamaza. Nilikuwa nimebadilisha plagi, nimesafisha pampu, nimetukanwa ukoo.

Nikakata vipande vya mpira wa tyubu kuukuu, nikakifunga kidude pale penye kishikizo chake. Nikabonyeza stata, haikuwaka kabisa. Pampu ilikaa kimya. Ilinichukua muda kuona mshale uliochorwa juu yake na kuelewa kwamba nilikuwa nimekifunga kichwa chini. Sasa pikipiki iliamini imepinduka. Nikafungua, nikageuza mshale ukatazama juu, nikafunga upya, nikaziba pengo kwa kipande cha kandambili. Zzzi, ikalia pampu. Kona ya kanisa nikaipita na siti tupu nyuma, bila maharage, bila mama wa mtu.

Nilipomweleza mama mkwe, kupitia mlango uleule, alisikiliza hadi mwisho. Kisha akasema kwamba kidude ni kidude, lakini yeye alikuwepo na anajua alichokiona.

Alikaa hadi mtoto alipokaza shingo, akayakagua magoti ya binti yake, hakutoa taarifa. Nilimrudisha Nyamahanga siku ya jua. Mfuko haukuwepo, maana maharage tulikuwa tumeshayala. Alikaa nyuma kabisa, akashikilia chuma cha kubebea mizigo, akaongea njia nzima kuhusu mjukuu, na mimi nikajibu kwa sentensi ndefu kadiri nilivyoweza. Nyakahura tulisimama tukala mahindi ya kuchoma, kila mtu akitazama upande wake.

Kurudi nilikuwa peke yangu. Injini haikuzima popote, si kwenye kona wala kwenye makorongo. Kwa kuwa hakukuwa na mtu wa kuongea, nilianza kusikia mlio mwingine, kikikiki, kutoka chini upande wa kushoto. Ilikuwa cheni, imelegea. Niliikaza kesho yake asubuhi, kabla ya kwenda kazini.