Maneno ya Fundi, Mdomo wa Shemeji

Idara ya uhamiaji imetamka, na ikarudia kwa faida ya wasiosikia vizuri, kwamba sheria haiangalii mtu ametoka wapi, inaangalia alichosema. Maneno ya msimamo mkali ni hatari, na yatashughulikiwa popote yatakapotokea.

Yalitokea kwenye karakana ya makochi. Fundi aliyatunga akigongelea kitambaa, vimisumari vimejaa mdomoni, hali iliyompa sifa ya upole kwa miaka mingi. Alivitema kiganjani, akamwambia mume wa dada yake, mgeni mwenye kibali cha ukaazi, aliyekuwa akikata sponji:

"Watu wa manispaa wakileta tingatinga kubomoa soko, tingatinga tulichome, na ofisi yao tuichome! Kaseme hivyo kwenye mkutano wa soko, shemeji. Mimi nikisimama mbele za watu magoti yanacheza."

"Na wakinikamata?"

"Kwa maneno? Acha uoga, bwana!"

Shemeji alikuwa na sauti nene. Mtaani walimwita Redio. Akasema, soko zima likapiga makofi, mtu akarekodi. Wiki haikuisha akawa mahabusu.

Kwenye kesi, fundi alikaa safu ya nyuma kabisa. Redio aliulizwa nani alimfundisha maneno yale. Akamtupia fundi jicho, kisha akatazama ukuta.

"Ni yangu mwenyewe."

Fundi akakohoa. Kikohozi hicho hakikukiri chochote. Amri ikatoka: arudishwe kwao.

Jioni dada alimtengea kaka yake chakula, akabaki amesimama.

"Kaka, mume wangu tangu anioe hajatunga hata salamu. Yale maneno ni ya nani?"

Fundi akaisukuma sahani, akauliza pasi iko wapi.

Asubuhi fundi alivaa shati lililopigwa pasi, akaenda uhamiaji. Mbele ya dirisha, magoti yakicheza, akayasema yote, tingatinga, ofisi na moto, kwa sauti iliyogeuza vichwa vya foleni nzima.

"Ni yangu. Yeye nilimtuma tu. Nichukueni mimi."

Afisa akaomba kitambulisho, akakigeuza huku na huku.

"Mzee, wewe ni raia."

"Ndiyo."

"Basi hayo ni maoni yako. Hapa tunashughulika na wageni."

"Lakini ni maneno yaleyale, mwanangu!"

"Nimesikia, mzee wangu. Anayefuata!"

Redio alisafirishwa Alhamisi. Ijumaa fundi alifungua karakana kama kawaida, akakaa akitazama mlango mpaka adhuhuri. Hakuna aliyekuja kumuuliza lolote.