Mashine Iliyotaka Magurudumu ya Ndege

Uvumilivu wangu uliisha pale foklifti ilipokumbatia mufuko wa bunga ya uji wa watoto, ikaufinya mpaka ukapasuka, na mukubwa wa depo akapiga makofi.

Depo yetu ya chakula cha musaada iko njia ya Nchelenge, huku Zambia. Foklifti yake ilivunjika yale meno mawili ya kuinulia mizigo. Wakaagiza mengine, wakaletewa mikono ya duara, iliyotengenezwa makusudi kwa kubeba magurudumu ya ndege karakanani. Huku ndege tunaziona juu tu. Badala ya kuirudisha, mukubwa akakataza mutu yeyote kubeba mifuko, eti mikono ya mashine imefika.

Mutoto wangu alikuwa analia njaa mgongoni.

“Papa, tuachie tubebe wenyewe!” nikamwambia mukubwa.

“Vumilia, mama. Tunatafuta namna mifuko ikuwe ya muviringo.”

“Muviringo? Basi ibebe mimi, matako yangu iko muviringo!”

Mustari wote wa wanaongojea bunga ukacheka. Mukubwa akanipa fomu ya malalamiko, nikaijaza palepale:

“Naomba mutuletee ndege, mashine ipate kazi yake, ao mutuachie tubebe bunga kwa kichwa leo. Mutoto wangu ana miezi saba. Hawezi kungojea ndege.”