Kutu ya Garimoshi la Baba

Juzi binti yangu alinionyesha kwenye simu mtu akipaka garimoshi dogo rangi ya kutu, taratibu, kwa brashi laini. Nikaisikia tena harufu ya siki.

Baba, dereva mstaafu wa reli, alijiundia garimoshi dogo la mvuke kwa mikebe ya mafuta ya kupikia, likang'aa. Alasiri moja, uani kwetu Voi, alilimwagia siki na chumvi, akalisugua kwa masizi ya sufuria na vumbi jekundu, kisha akashika nyundo.

"Lazima lifanane na lile nililoendesha!" Alilipiga huku akilitukana.

"Baba Mwakio, si uliache!" Mama alilia. Mimi nilidhani limemkosea.

Alipochoka, alichovya kijiti kwenye rangi, akagusa nyuma, pale behewa linapofungwa.

"Baba, kutu haiwi nyekundu hivyo," nikasema.

Alinizaba kofi nikaangukia masizi, mdomo ukijaa damu.

Tulipomzika Baba kule Werugha, mzee aliyefanya naye kazi alilishika lile garimoshi, kidole chake kikatua palepale.

"Baba yako mdogo alibanwa hapa hadi kufa akifunga behewa," alisema. "Aliyerudisha injini nyuma ni baba yako."