Vipindi vya Meli ya Juu ninavyovipenda mimi, kwa tafsiri ya marehemu baba

Wakuu, hamjambo. Mlio kazini Mungu awape nguvu, na mlio nyumbani mmejilaza mchana huu tunawaonea wivu kidogo.

Nimesoma ule uzi mwingine mnamogombania vipindi bora vya ile series ya anga, ile iliyoanza kabla wengine hatujaingia shule na mpaka leo inatoa misimu mipya. Nyumbani kwetu tuliiita Meli ya Juu. Nami nitaiita hivyo, maana jina lake la Kizungu halijawahi kunikaa mdomoni.

Nina vyangu vitatu. Shida ni kwamba hakuna hata kimoja mnachokijua kama nikijuavyo mimi.

Nitakayosimulia yametokea kwetu Mji wa Kale, nyuma kidogo ya Ndia Kuu. Shahidi wangu ni shangazi yangu, mtu ambaye hajui kutia chumvi hata kwenye mchuzi.

Twende.

Baba yangu alikuwa anaendesha winchi bandarini. Kazi yenyewe ni kukaa peke yako kwenye kijichumba juu kabisa, unanyanyua mizigo kutoka melini. Labda ndiyo maana alikuwa mkimya vile. Akikuitikia salamu na kukuuliza umekula, hayo ndiyo maneno yako ya siku, shukuru.

Kiingereza alikiokota kwa mabaharia. Mama yeye hakukipata kabisa. Alisoma chuo cha Kurani na hati za Kiarabu, basi.

Sasa Meli ya Juu ilikuwa inaonyeshwa jioni, baba akisharudi kutoka kazini. Mama anakaa kwenye kochi, baba chini kwenye mkeka ameegemea kochi hilohilo, mimi katikati nikila njugu. Na baba anafasiri.

Wakuu, hapo ndipo baba alipokuwa anasema. Mtu ambaye mchana kutwa humsikii, jioni anaongea kipindi kizima bila kupumua. Wahusika aliwapa majina yake mwenyewe. Kulikuwa na Nahodha, kulikuwa na Bi Daktari, kulikuwa na Fundi wa injini, na yule mtu wa mashine alikuwa Bwana Chuma.

Kipindi changu cha kwanza ni kile cha sayari ya mvua. Mnakikumbuka. Mvua haikatiki, na watu wa kule wanasahau kila kitu. Kwa tafsiri ya baba, walisahau majina yao, wakasahau nyumba zao, lakini hawakumsahau aliyewapikia. Kila mtu akafuata harufu ya chakula chake mpaka akafika kwao. Mama alikuwa anakipenda sana hicho, na nadhani chakula cha siku ya pili yake kilikuwa kinazidi utamu.

Cha pili ni kile Fundi anapofungiwa chumba cha injini na gesi inavuja. Kwa tafsiri ya baba, Fundi alihamishwa. Alipata barua ya uhamisho akaenda kufanya kazi meli nyingine, yenye mshahara mzuri zaidi. Ndiyo maana hakuonekana tena.

Ndiyo, ni mimi yule niliyebishana nanyi humu kwamba Fundi alihamishwa kikazi. Mlinicheka mkanipa jina. Nilijua nyinyi ndio hamkutazama vizuri.

Kumbukeni nilikuwa mdogo. Misimu ya zamani ilirudiwa nikiwa bado mtoto kisha ikaachwa, na nilipokua nikaanza kutazama mwenyewe, nilianzia ile mipya. Kwa hiyo ya zamani yote niliyokuwa nayo kichwani ni ya sauti ya baba.

Cha tatu ndicho chenyewe. Nahodha anarudi kwao. Ameshaenda mbali mno, na huko alikokwenda wakati haukimbii kama huku. Anashuka, anatembea kijijini, anaikuta nyumba yake. Kwa tafsiri ya baba, mkewe yuko jikoni. Nahodha anasema nimechelewa, mke anasema kaa ule kwanza.

Baba alifariki mwaka huu. Alilala baada ya sala ya alasiri, hakuamka.

Mama akaingia eda. Kwa wasiojua, mjane kwetu hukaa ndani muda wake wote, hatoki ila kwa dharura, hajipambi, anavaa nguo zake nyeupe na kumuombea mumewe. Shangazi, dada yake baba, akahamia pale kukaa naye. TV ilifunikwa leso ya kujitanda tangu siku ya maziko na hakuna aliyeigusa.

Eda yenyewe haikunitisha. Mama yangu ni mtu wa ndani siku zote. Kilichonitisha ni kwamba aliacha kula, kisha akaacha kusema.

Mimi nakaa Ganjoni na mume wangu. Kila nikitoka kazini napanda tuktuk naenda kwa mama. Nimempelekea mahamri, nimempelekea mbaazi za nazi, nimempelekea samaki wa kupaka anayempenda kuliko mimi. Jibu ni moja, "Weka hapo." Nikirudi kesho nakuta shangazi ameshagawia majirani.

Shangazi akanivuta kando siku moja. "Wifi yangu yuwafifia," akaniambia. "Fanya kitu mwanangu, mimi nimeshindwa."

Niliogopa, wakuu. Nilikuwa nimeshamzika mmoja na nikamuona wa pili anaondoka taratibu mbele ya macho yangu, sina la kumshikia.

Ndipo nikagundua misimu ya zamani ya Meli ya Juu imewekwa mtandaoni. Yote. Jumapili nikabeba laptop na mbaazi za nazi.

Shangazi aliniona naifungua akaanza. "Nyumba hii ina msiba. Hata aibu huna?"

Nikamwambia hii si TV, shangazi, hii ni ya kazini. Akanitazama kama mtu aliyeuziwa samaki wa juzi.

Mama akasema, "Muwache." Kisha akasema, "Weka ile Nahodha arudipo kwao."

Wakuu, nilikuwa sijamsikia akiomba kitu tangu maziko. Nikaandika nywila ya laptop mara mbili vibaya.

Nikakaa alipokuwa akikaa baba, nikaanza kufasiri. Na nilijisikia haswa. Kiingereza changu ni cha ofisini, halinipiti neno. Mwanzo ukaenda vizuri. Nahodha akashuka, akatembea, akafika nyumbani.

Ndani kuna watu wengine kabisa. Wanampeleka nyuma ya nyumba. Kuna jiwe.

Na mimi, mdomo ukiwa umeshazoea kufuata, nikasema, "Wanamwambia mkewe alikufa zamani, mama. Alimngoja mpaka akafa."

Nilisikia maneno yangu yakitoka na nikajua kuna kitu hakiko sawa. Mbona baba alisema jikoni?

Mama alinitazama, hakutazama laptop. Akasema, "Zima."

Akaingia chumbani. Jioni ile hakutaka hata chai. Shangazi hakunisema, na afadhali angenisema.

Nilipofika kwangu nikatazama na vile viwili. Fundi anakufa. Tena anakufa vibaya, anagonga mlango na wenzake wako upande wa pili wanalia. Watu wa sayari ya mvua wanasahau mpaka watoto wao wenyewe, na meli inaondoka inawaacha. Hakuna chakula popote. Hakuna anayefika kwao.

Kwanza nilicheka. Barua ya uhamisho, jamani. Mume wangu akaja kuuliza kuna nini, akanikuta nacheka huku machozi yananitoka.

Kisha nikamkasirikia baba kidogo, nisiwadanganye. Miaka yote ile ametukalisha pale anatutungia.

Kisha hasira ikaisha ikabaki hofu. Mama hakuwa na picha nyingi za baba, hakuwa na barua zake, hakuwa na maneno yake maana mtu mwenyewe hakuwa na maneno. Alikuwa na Meli ya Juu. Na mimi nimekwenda kumwambia, katikati ya eda, kwamba mumewe alikuwa anampa uongo. Hata wa kumuuliza kwa nini hayupo tena.

Kesho yake sikufanya kazi ya maana. Nilikuwa natunga. Niliamua nitamwambia mama kwamba nilikosea, kwamba Kiingereza cha zamani ni kigumu, kwamba mtandaoni wamebadilisha mwisho. Lolote.

Nilipofika jioni nikamkuta amekaa kitandani na nguo zake nyeupe, shangazi yuko kizingitini na tasbihi. Nikaanza, "Mama, jana nilikosea kufasiri."

"Hukukosea," akasema.

"Mama, yule mwanamke hakufa. Mimi ndiye—"

"N'na mato miye," akanikata. "Kaburi nililiona siku ya kwanza. Kwani kaburi lataka Kiingereza?"

Nikatua mkoba wa laptop sakafuni.

"Na Fundi nilimuona akifa. Mtu aanguka chini, povu lamtoka, babako asema amepata uhamisho." Akatikisa kichwa. Midomo ilitaka kucheka, ikakumbuka. "Mimi nlikuwa namngoja. Kila likija jambo baya nasema haya, leo tuone huyu bwana atalipita vipi."

Nikamuuliza, na kaburi alilipitaje?

"Alisema ni kaburi la jirani. Ati Nahodha na jirani yake walikuwa wakisikizana sana, ndiyo maana alia."

Shangazi alicheka kule kizingitini. Alicheka kabla hajajizuia, kisha akaanza tasbihi yake upya.

"Kwa nini jana ulikasirika basi, mama?"

"Sikukasirika. Nlitaka kumsikia babako. Wewe ukanambia wasemayo Wazungu."

Kisha akasema, "Lete hiyo mashine yako. Ondoa sauti. Kaa kitako."

Nikaiweka, nikazima sauti. Na mama akaanza kufasiri.

Sijui niwaelezeje, wakuu. Sauti ni ya mama, lakini mwendo ni wa baba. Pale baba alipokuwa anavuta pumzi, mama alivuta. Pale baba alipokuwa anamuita Bwana Chuma kwa sauti ya puani, mama aliitoa puani. Neno kwa neno. Mwanamke ambaye tangu maziko neno lake lilikuwa weka hapo.

Mkajikumbushe kile kipindi. Baada ya kaburi kuna sehemu ndefu Nahodha amesimama mbele ya jiwe anazungumza peke yake. Kwa Kiingereza chao anasema mambo ya nyota na wajibu na amri alizopewa. Maneno makubwa makubwa. Kwa kweli nilipokifasiri sikufika hapo, maana mama alishaniambia nizime.

Mama alipofika hapo akapunguza sauti. Akasema hivi, nayaandika kama nilivyoyasikia:

"Mke wangu, mimi maneno sina. Huko juu naona mambo, nikirudi nashindwa kuyasema. Wewe waniuliza, mimi naitikia tu. Usidhani sikuoni. Nikiwa kule juu peke yangu, na mzigo mzito waning'inia mbele yangu, na watu wako chini yake, nakuwaza wewe ili mkono usitetemeke. Nikishuka salama nasema leo tena amenishusha. Ningekwambia, lakini nyumbani ulimi wangu hufunga. Basi wacha nikwambie hapa."

Kwenye picha Nahodha hakushika kitu. Hakuna mzigo wowote unaoning'inia. Ni mtu na jiwe na upepo.

Shangazi alikuwa ameacha kuhesabu tasbihi. "Kaka yangu ndiye aliyesema hayo?"

"Ndiye," mama akasema.

"Kaka yangu mimi?"

"Kila kipindi hiki kikirudiwa alisema hayohayo. Hakupunguza neno."

Shangazi akakaa chini palepale kizingitini. Dada wa tumbo moja, na nadhani hakuwahi kupata kutoka kwa kaka yake sentensi yenye maneno mengi hivyo.

Mimi nilikuwa naangalia laptop kwa sababu sikuweza kumuangalia mama. Nikasema, ili niseme kitu tu, kwamba baba alijua kutunga, ingawa hapa hakufuata picha hata kidogo.

Mama akasema, "Angeifuata vipi? Hapo babako hakuwa akitazama TV. Alikuwa ameugeuza uso, ananitazama mimi."

Akalia. Tukalia sote watatu, na safari hii kilikuwa kilio kizuri, cha watu walio pamoja. Alipojipangusa uso alimuuliza shangazi kama zile mbaazi za jana zipo au majirani wamemaliza.

Zilikuwepo. Akala.

Siku hizi eda inaendelea na mama anakula. Nikifika huniambia weka kipindi fulani, nazima sauti, naye ananifasiria. Nimeshajua Bi Daktari aliolewa na nani, jambo ambalo waandishi wa series wenyewe hawalijui.

Nilichojifunza ni kidogo tu. Nilidhani nimerithi series kwa baba, kumbe nilikuwa nimekaa katikati ya mazungumzo ya watu wawili, nakula njugu, sisikii.

Sasa nyinyi mliobobea, endeleeni kugombana ni msimu gani bora na athari za picha zilikuwa duni kiasi gani. Mimi nawaomba jingine. Nani alikuwa anakufasiria wewe, na alikuambia nini? Andikeni hapa chini, nitasoma zote, na nyingine nitampelekea mama.

Na kama huyo mtu bado yuko hai na anakipenda kipindi chake, kaa naye leo akusimulie. Usimsahihishe.