Mama Futi na Kipoza cha Prosesa

Mtaani walimwita Mama Futi, kwa sababu futi ya kupimia nguo haikumtoka shingoni hata akienda msibani. Alikuwa fundi cherehani mwenye uzoefu wa miaka ishirini na sita, na siku hizi riziki yake kubwa ilikuwa nembo za sare za shule, zinazodariziwa na mashine inayopokea michoro kutoka kwenye kompyuta. Kompyuta yenyewe ilikufa Jumatatu asubuhi, nembo mia nne zikiwa hazijashonwa. Iliunguruma, ikanuka kama pasi iliyosahaulika juu ya nailoni, ikanyamaza.

Fundi aliyeifungua alisema joto ndilo lililoiua. Mama Futi akaamua kuunda nyingine mwenyewe. Kuunganisha vipande, alisema, ndiyo kazi yake ya kila siku. Hivi tofauti yake ni kwamba havina mikono kama shati.

Vipande alivinunua kwa shemeji yake, mdogo wa mumewe, mwenye duka la vifaa vya kompyuta. Kununua kwingine kungezua kikao cha ukoo. Alichagua kasha jembamba la kuingia kati ya cherehani na ukuta, akachukua ubao mama unaobeba vipande vyote, na prosesa yenye nguvu, ndiyo ubongo wa kompyuta. Prosesa ile ilikuja bila kipoza, yaani lile bonge la mapezi ya aluminiamu lenye feni, linalokaa juu yake na kuiondolea joto.

"Chukua hiki, shemeji," mwenye duka alisema, akikumbatia boksi kubwa kama la viatu vya mvua. "Hiki kinaingia kokote."

Kwenye ubao kiliingia kweli. Kwenye kasha pia kiliingia, ila mfuniko ulikataa. Mama Futi aliusukuma kwa kiganja, kisha kwa goti. Mumewe, karani mstaafu wa posta, alishusha gazeti.

"Kifunge na kamba," alishauri, akalipandisha gazeti.

Shemeji naye, alipopigiwa simu, alisema kompyuta iachwe wazi ipate hewa.

"Shemeji, hapa nyuzi zinaruka kama mvua ya rasharasha. Baada ya wiki nitakuwa na mto, si kompyuta."

Alikirudisha, akapewa kifupi. Kifupi kiliingia, mfuniko ukafunga, moyo ukatulia. Alipofungua tena ili akaze skrubu, akaona miguu minne ya kipoza haikutani na matundu manne ya ubao. Kilikuwa cha soketi, yaani kikalio cha prosesa, cha aina nyingine. Kilikaa pale kama mgeni asiyealikwa, kimetulia, bila kushikwa na chochote.

Hapo ndipo aibu ilipomshika. Hakuna mtu mtaa ule aliyewahi kushonewa hata kola bila kupimwa, na yeye amenunua kitu mara mbili kwa kuambiwa tu kitaingia. Haraka haraka haina baraka, alijiambia. Kisha akakumbuka kwamba methali hiyo huwa anawaambia wateja anapowachelewesha, akaona haya mara ya pili.

Akachukua karatasi ya kaki, ile ya kukatia vielelezo vya nguo. Akaweka alama za matundu manne. Akapima kutoka mgongo wa prosesa hadi mfuniko: milimita mia na hamsini. Akapima kimo cha kadi za kumbukumbu zilizosimama pembeni, maana feni pana ingezikalia. Wati inazokula prosesa alizisoma kwenye boksi lake, akaziandika pembeni. Akakata kwa mkasi.

Siku ya pili mwenye duka alimwona shemeji yake akiingia na karatasi, akajua siku imeharibika.

"Teremsha vipoza, shemeji. Vyote."

"Boksi limeandikwa kimo, mia na hamsini kamili. Kwa nini nikifungue?"

"Hata wateja wangu huniandikia kiuno wanachokitaka. Kitoe."

Kikatoka, kikapimwa kikiwa kimesimama. Mia na hamsini na tatu, kwa sababu ya vibanio vya feni. Cha pili kilikalia kadi za kumbukumbu. Cha tatu kilitosha kote, lakini kiliandikiwa wati sitini na tano na prosesa yake ilitaka mia na tano. "Hicho ni cha kumpepea mgonjwa," Mama Futi alisema. Cha tisa kilitoka rafu ya chini, boksi limefifia, feni rangi ya udongo ambayo hakuna aliyeitaka. Kimo mia na arobaini na sita. Miguu ikatua juu ya alama zake nne.

"Hicho kibaya, shemeji," mwenye duka alisema kwa huzuni ya kweli.

"Kitakaa ndani."

Nyumbani alipaka juu ya prosesa dawa ya kupitisha joto kadiri ya punje ya mchele, akakaza skrubu kwa kupishanisha pembe, akaelekeza feni ipulize nyuma ya kasha. Mfuniko ulifunga kwa kidole kimoja. Akawasha. Ikawaka.

Alitia mchoro, mashine ikaanza kudarizi. Alasiri mumewe alikuja kusimama mlangoni.

"Kompyuta haiungurumi. Umeizima?"

"Weka mkono hapo nyuma."

Mzee aliinama, akaweka mkono, akausikia upepo wa uvuguvugu vidoleni. Akakaa hivyo kwa muda mrefu kuliko ilivyohitajika.

"Inapumua," alisema.

"Sogea kidogo, Mzee, unazuia," mkewe akamjibu, akabadilisha uzi wa buluu akaweka wa njano.