Rafiki yangu aliitambua sauti ya marehemu kaka yangu ndani ya katuni

Majina nitakayotaja si ya kweli, na langu naomba lisionekane. Mimi ni mwanamume wa miaka thelathini na moja, kwetu ni bara, upande wa Magharibi. Shule niliachia darasa la saba. Huku Kibarani, Kilifi, nakata mawe ya kujengea kwenye timbo. Mgongo wangu umezeeka kuliko mimi, lakini si huo ulionileta kwenu.

Kaka yangu mkubwa ndiye aliyetangulia Pwani. Alifanya kazi kwenye kibanda cha video Malindi, kazi ya kutia sauti. Sinema ya kigeni inaonyeshwa, yeye ameshika kipaza sauti anaigiza watu wote kwa Kiswahili. Katuni moja aliirekodi, mfululizo mzima, akatutumia sidii nyumbani. Ilikuwa habari ya shujaa mnene anayeokoa mji, ila nguvu zake zina kasoro: anaruka kinyumenyume, haoni aendako. Anagonga kuta, anagongwa na gari la moshi, majambazi wanampiga nyundo mpaka anakuwa bapa kama chapati. Mapigo yote kaka aliyatoa kwa mdomo wake, pu, twaa! Na kila shujaa akifukiwa na kifusi, kidole kimoja kinachomoza, sauti ya kaka inasema, "Msinizike, bado nina njaa!" Mama yetu, mtu asiyependa mzaha, alikuwa akicheka mpaka anashika ukuta.

Halafu kaka akauawa. Tuliambiwa watu walimwita mwizi wa pikipiki, wakampiga. Basi. Alirudi kwenye sanduku lililopigiliwa misumari, tukakatazwa kufungua. Sidii hatukuiweka tena. Nilipokuja huku kutafuta kazi niliitia kwenye begi, ingawa sikuwa na deki.

Timboni nilipata rafiki, tumwite Katana, kwao ni Ganda, jirani na Malindi. Mwaka jana ukuta wa mawe uliniporomokea, jiwe likanibana paja, nikasikia mfupa wangu ukivunjika. Wenzetu walikimbia. Katana alishuka mawe yakiwa bado yanaanguka, akaliinua lile jiwe kwa mtaimbo, akanibeba mgongoni mpaka barabarani, damu yangu ikimwingia viatuni. Tangu hapo ananiita ndugu, nami namwita ndugu kwa moyo wote.

Jumapili iliyopita alinipeleka kwao. Mkewe, Sidi, alitupikia wali wa nazi. Nilipoona wana deki nikasema, "Mimi nina katuni itakayowavunja mbavu." Sikuwa nimeitazama tangu msiba. Sauti ya kaka ilipotoka nilimwona Sidi akijifuta machozi ya kicheko kwa leso, nikajisikia fahari. Nilikaa mlangoni na panga nikikata madafu, Katana akinitania, "Wee mbara, dafu halikatwi kama muwa!"

Shujaa akagonga mnara, mnara ukamwangukia. Kidole kikachomoza. "Msinizike, bado nina njaa!"

Katana akaacha kucheka. "Hebu rudisha hapo," akamwambia mkewe. Akasikiliza tena. "Sauti hii naijua. Ni ya yule mwizi wa pikipiki wa Malindi."

"Mwizi gani, Baba Kadzo?" Sidi akamuuliza.

"Tulimshika karibu na soko. Huyu ana rungu, huyu ana jiwe. Meno yamemtoka, jicho limepasuka, na kila akianguka anainua kidole, anasema hivyohivyo, msinizike, bado nina njaa. Watu wakaanza kucheka. Mzee mmoja akapiga kelele, 'Mwacheni, huyu si wa kibanda cha video?' Watu wakaanza kuteremsha rungu zao, wamwache. Hata mimi nilikuwa nimecheka. Nikaona haya, kuchekeshwa na mwizi mbele za watu. Nilikuwa na jiwe mikononi, jiwe zima la kujengea. Nikamshushia kichwani. Kidole hakikuinuka tena."

Sidi alizima runinga. "Na pikipiki?"

"Ilipatikana baadaye kwa shemeji yake huyo mwenye pikipiki."

Kumbe panga lilikuwa limepita kwenye dafu likaingia kwenye kidole gumba cha mkono wangu wa kushoto. Sikusikia uchungu. Nilikuwa naangalia shingo ya Katana, mshipa ule unaocheza chini ya sikio, na mkono wenye panga ulikuwa unapanda wenyewe. Yeye aliona damu tu. "Ndugu yangu, umejikata!" Akaruka, akalichana shati lake, akapiga magoti mbele yangu akanifunga kidole. Shingo ameinamisha. Panga liko juu.

"Pole, ndugu," akasema bila kuinua kichwa. "Nimekutisha na habari zangu za zamani."

Nililiweka panga chini. Nikasema ni uchungu wa kidole.

Tangu siku hiyo chakula hakipiti. Nikifumba macho nasikia pu, twaa, na sijui tena kama ni mdomo wa kaka au ni mawe. Nimefikiria polisi, lakini shahidi wangu ni nani? Sidi amfunge baba wa watoto wake? Nimefikiria kurudi nyumbani kimya, lakini nitamwangaliaje mama? Kila akisali anamwomba Mungu amwonyeshe aliyemuua mwanawe. Na katika sala hiyohiyo anamwombea baraka Katana, kwa jina, kwa kuwa ndiye aliyemwokolea mtoto aliyebaki.

Kesho tunaanza ukuta mpya. Mimi nitakuwa juu na mtaimbo nikibandua mawe, Katana chini akiyapanga, ameniachia mgongo, akijua nitapiga kelele kabla jiwe halijaanguka. Ninyi mliosoma, na ninyi mliofiwa kama mimi, nijibuni kabla sijapanda. Nimwambie mimi ni nani? Nimpeleke kwa sheria? Nihame? Maana naogopa jiwe litaachia, nitafungua mdomo, na sauti haitatoka.