Nilitaja jina la uongo mbele ya maprofesa, na mashine ikalikubali

Wakuu, wa rika langu salaam, na mnaotaka kuniamkia, marahaba.

Naandika mwenyewe, kidole kimoja, mwendo wa konokono. Shule niliishia darasa la nne. Sikuja hapa kutunga. Ningekuwa natunga ningejipendelea.

Mimi ni bibi wa Bangwe, hapa Kigoma. Mjukuu wangu Rehema anasoma PhD ya kompyuta. Nimelitangaza hilo mpaka watu wananikwepa njiani. Jirani yangu akiniona huniuliza, "Bi Mwajuma, leo daktari wako kaitibu kompyuta gani?" Namjibu, "Bora wangu. Wako anatibu chupa za pombe."

Basi, kuna kitu kinaitwa workshop.

Wanafunzi wa PhD wanakusanyika ukumbini. Mmoja mmoja anasimama na slaidi zake, anaeleza utafiti wake, halafu wataalamu wanauchambua kama wanawake wa Katonga wanavyochambua dagaa. Huyu mzima, huu mchanga, hii takataka. Ndiyo kusaidiwa kwenyewe. Ukitoka hapo unajua kama utafiti wako una miguu.

Safari hii ilifanyika kwetu Kigoma, hotelini karibu na ziwa. Rehema akaniambia, "Bibi, usipokuja sitasimama." Nikavaa kitenge changu cha Idi.

Utafiti wake ni huu. Kachukua orodha za zamani za wakimbizi wa Burundi, wale wa miaka ya sabini, zilizoandikwa kwa mkono. Kaifundisha kompyuta kutafuta ndugu waliopotezana. Si kazi ndogo. Warundi, kama sisi Waha, zamani hawakurithishana jina la ukoo. Kila mtoto na lake. Ndugu watano, majina matano. Ukipoteza jina la mtu, umempoteza mzima.

Na sababu ya kuchagua hilo ni mama yake, Maimuna.

Hapa nisimame kidogo.

Maimuna sikumzaa. Aliteremshwa kwenye boti hapa Bangwe, hajafika miaka minne, amevaa shati la mwanaume lililofungwa kiunoni kwa kamba ya mgomba. Aliyemleta akarudi kufuata wengine. Hakuonekana tena.

Mimi mwezi ule nilikuwa nimemzika binti yangu wa pekee. Jina lake Maimuna.

Karani akapita anaandika wakimbizi wa kupakiwa malori kwenda makambini. Akaniuliza, "Mama, una watoto wangapi?"

"Mmoja. Maimuna huyu."

Ikawa hivyo. Yule mtoto alikuwa akijitaja jina lake la kwao, nami nikamzaba kofi. Akarudia, nikamzaba tena. Niliogopa wangemsikia wamchukue. Baada ya muda akaacha. Akalisahau.

Na mimi nikalisahau, wakuu. Hilo sikumwambia mtu. Kila Maimuna aliponiuliza nilisema, "Nimelitunza, siku yako ikifika nitakupa." Miaka yote hiyo.

Rudini ukumbini.

Rehema kaeleza vizuri, watu wanatikisa vichwa kukubali. Akasimama mtaalamu mmoja, mama wa makamo, mpole wa sauti. "Mashine yako inatoa majibu. Umejuaje kwamba yana ukweli? Nionyeshe mtu mmoja tu ambaye jina lake la zamani tunalijua kwa hakika, tuipime."

Rehema akatabasamu. "Ninaye. Mama yangu. Na anayelijua jina ni bibi yangu, yule pale nyuma."

Vichwa vyote vikageuka. Wakapiga makofi. Kipaza sauti kikaletwa mpaka mdomoni.

Ningeweza kusema silijui. Neno moja tu. Lakini na kitenge changu kile, na mjukuu wangu yule mbele ya watu wenye miwani?

Nikasema, "Nahimana."

Lilikuwa jina la mwanamke aliyekuwa akiniuzia mawese.

Rehema akaandika. Mashine ikafikiri kidogo, ikatoa: Nahimana, msichana, miaka minne, amepotezana na kaka yake ziwani. Kaka, Bukuru. Yule mtaalamu akasema, "Ni vizuri, lakini thibitisheni kwanza." Nani alimsikiliza? Rehema alishatoka mbio kumpigia mama yake.

Siku tatu wakahangaika kwa simu za watu. Bukuru akapatikana hai, mzee, huko Katavi. Maimuna alishafunga mzigo wa samaki wakavu, migebuka yetu, na kanga mbili za wifi.

Simu ikawekwa spika, sebuleni kwangu. Mzee akasema, "Nahimana? Dada yangu, nilikuachia mkono. Mawimbi yalikuwa makubwa, nilikuachia mkono." Akalia. Maimuna naye analia, anamwambia, "Kaka, yameisha, kaka."

Ningenyamaza, nani angejua? Mpaka leo najiuliza kama ningenyamaza.

Nikasema, "Baba, nisamehe. Huyu siye. Jina nililitunga."

Halafu simu ikakatika.

Maimuna hakupiga kelele. Ana karibu miaka sitini. Aliniuliza kama mtoto, "Basi langu ni lipi, mama?"

Nikamwambia nimelisahau.

"Hata lilivyoanza hulikumbuki?"

Sikumbuki.

Rehema amemwandikia yule mtaalamu ukweli wote. Jibu lilikuja: aliondoe jaribio lile, atafute mtu mwingine wa kupimia, aanze upya. Kwangu hajatamka neno baya. Angenitukana ningepumua.

Nilichojifunza ni hiki. Ukimchukua mtoto wa mtu, hata kwa huruma, chukua na jina lake. Na usiwape wasomi uongo ili upigiwe makofi, maana wao wanaujengea nyumba, na kuna mtu atahamia.

Kunisema mnaruhusiwa, nimezoea. Pole msinipe. Ninachoomba ni majina. Kama wazee wenu walisimulia binti aliyepotea ziwani na shati la mwanaume, andikeni hapa. Kama hamna habari, andikeni tu majina ya wasichana ya Kirundi mnayoyajua, hata la bibi yako.

Asubuhi Maimuna akianika dagaa namsomea kutoka kwenye simu, moja moja, taratibu. Natazama mgongo wake.

Tumeshafika mia na kitu. Hajageuka.